Chupa kwa mtoto anyonyaye: ipi inunuliwe, na je, ni lazima?



Miongoni mwa barua tulizopokea mwezi huu, iko moja tuliyoitanguliza mbele ya zote kwa kuwa mwenyewe hana muda wa kusubiri. Ameiandika mama wa mtoto wa kwanza, mtoto wa wiki kumi, ambaye tangu azaliwe hajaonja kitu ila ziwa la mama yake. Mama huyo ni karani katika ofisi moja mjini Dar es Salaam, na likizo yake ya uzazi imebakiza siku kumi na nne. Anasema juu ya meza yake sasa zimo chupa tatu. Ya kwanza ameileta mumewe kutoka Kariakoo. Ina mrija ndani, ina vali na pete mbili, na boksi lake limeandikwa kuwa chuchu hiyo ni sawasawa na ziwa la mama. Ya pili imetolewa kabatini na mama mkwe, nayo ilimlea mtoto wa wifi yake. Bibi anaona kununua nyingine ni israfu. Ya tatu ni zawadi ya jirani, chupa ya mililita 300 yenye picha ya dubu. Kila mmoja anaitetea ya kwake. Yeye anauliza: ishikwe ipi?

Lakini mwisho wa barua ameongeza jambo ambalo kwetu ndilo swali lenyewe. Anasema alikuwa amenuia kunyonyesha miaka miwili kamili, na anaogopa kuwa siku chupa itakapoingia nyumbani, ziwa litatoka.

Hofu hiyo ina msingi. Na nia yake ina msingi mkubwa zaidi, kwani katika Suratul Baqara, aya ya 233, Mwenyezi Mungu (SW) ameitaja miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza kunyonyesha. Aya hiyo hiyo imembebesha baba chakula na mavazi ya mama anyonyeshaye kwa wema, imekataza mzazi yeyote kutiwa dhiki kwa sababu ya mtoto wake, na imeruhusu mtoto kuachishwa mapema iwapo wazazi wawili wameridhiana na kushauriana. Imeondoa pia dhambi kwa wanaomtafutia mtoto mnyonyeshaji mwingine na kumlipa kwa wema. Basi yule anayemwambia mama aendaye kazini kuwa amemtupa mwanawe, na aisome aya hiyo hadi mwisho wake. Na kwa kuwa aya imetaja mashauriano, tunadhani hata chupa tatu mezani zinastahili kikao kifupi cha baba na mama kabla ya kila mtu kwenda dukani peke yake.

Tuanze na namna mtoto anavyonyonya, maana chupa haichagulikI vyema na asiyejua kazi ya ziwa. Mtoto akiwekwa kwenye ziwa hufungua kinywa sana, akachukua chuchu pamoja na sehemu kubwa ya weusi unaoizunguka. Hunyonya haraka haraka mwanzoni na asipate kitu kingi. Kisha, baada ya muda mfupi, maziwa hushuka, naye hubadili mwendo akawa anavuta na kumeza. Maziwa hupungua, hushuka tena, hupungua. Mtoto ndiye mwenye amri: akichoka huachia, akitaka hurudi. Chupa iliyoinuliwa juu haina subira hiyo. Maziwa yake hushuka kwa uzito wake tangu tone la kwanza, na mtoto hulazimika kumeza ili asipaliwe. Baada ya siku kadhaa za namna hiyo, baadhi ya watoto hurudi kwenye ziwa wakalia kwa kuwa halitoi upesi kama walivyozoeshwa. Mama naye huona kilio kile akadhani maziwa yake yamekwisha. Hununua kopo. Mtoto akishiba kopo hunyonya kidogo, na ziwa lisilonyonywa hupunguza maziwa kweli. Hivyo ndivyo chupa inavyolitoa ziwa nyumbani, na hakuna aliyekusudia.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza ni mwendo wa maziwa. Tafuteni chuchu ya mwendo wa polepole kabisa, ambayo aghalabu huandikwa namba 0 au 1, au kuandikwa kuwa ni ya mtoto mchanga. Msiitegemee namba pekee, kwani kila kiwanda kina kipimo chake. Tieni maji ndani ya chupa, igeuzeni kichwa chini: maji yanayofaa hudondoka tone baada ya tone, na yakichuruzika kama mfereji, chuchu hiyo haifai. Mtoto anyonyaye hana haja ya kupandishiwa namba kila miezi michache kama maboksi yanavyoshauri. Wengi hubaki na ile ya polepole hadi watakapoacha chupa. Na hapa tuseme neno juu ya sindano. Ipo tabia ya kuchoma sindano kwenye moto na kuipanua tundu ya chuchu ili mtoto amalize upesi, dada wa kazi apate kuosha vyombo. Tundu hiyo haina kipimo, humpalia mtoto, na kingo zake huchanika hadi kipande kikaweza kubaki kinywani mwake. Msifanye hivyo.

Ama maneno ya kwenye boksi kuwa chuchu ni sawasawa na ziwa, hayo yasiwapoteze. Upana wa kitako cha chuchu unaweza kumsaidia mtoto afungue kinywa vizuri, na ikiwa chuchu hutanuka taratibu kutoka nchani hadi kitakoni ni bora kuliko ile nyembamba inayoishia ghafla kama kofia juu ya sahani. Zaidi ya hapo, mpira ni mpira. Mwaka 1981 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha kanuni za uuzaji wa maziwa mbadala, na kanuni hizo hazikuishia kwenye kopo: chupa na chuchu zake zimo pia, zisitangazwe kwa umma kana kwamba ni vitu vya kushindana na ziwa. Boksi linalojilinganisha na mama limeshatoka nje ya makusudio hayo. Tunakiri kuwa nasi tumewahi kununua chupa kwa uzuri wa boksi lake, hivyo hatumlaumu baba wa mtoto huyu.

Kipimo cha pili ni usafi, na hapa ndipo tunapotaka kukaa kidogo, kwa sababu katika miji yetu ya joto hapa ndipo mtoto anapoumia. Maziwa yana mafuta na sukari. Yakibaki kidogo kwenye kona ya chupa, baada ya saa chache huwa makazi ya vijidudu. Mtoto wa miezi mitatu akiharisha hukaukiwa maji upesi kuliko mtu mzima anavyoweza kufikiri. Basi ukiwa dukani, ishike chupa na ujiulize: kidole changu kinaingia? Brashi inafika chini? Zipo kona ngapi? Chupa yenye mdomo mpana na sehemu tatu tu, yaani chupa yenyewe, pete na chuchu, inatosha. Kila mrija na kila vali iliyoongezwa ili kupunguza gesi tumboni ni sehemu nyingine ya kufunguliwa na kusuguliwa, mara tatu kwa siku, na mtu ambaye huenda hakuelezwa namna ya kuifungua.

Jambo hili si geni. Huko Uingereza karne ya kumi na tisa zilipendwa chupa za kioo zenye mpira mrefu kama mrija, mtoto akinyonya mwenyewe amelala huku mama akifanya kazi zake. Mpira ule haukuweza kusafishwa ndani, na watoto walikufa hata watu wakaziita chupa za mauaji. Ufaransa ilizipiga marufuku mwaka 1910. Hatusemi kuwa mrija mfupi wa chupa ya Kariakoo ni sawa na ule. Tunasema kuwa usioweza kuuona kwa ndani usiuamini.

Utaratibu wa kuosha ni huu. Mara mtoto anapomaliza, chupa isuuzwe kwa maji baridi, kwani maji ya moto yakitangulia hugandisha maziwa kwenye kingo. Kisha ifunguliwe sehemu zote, isuguliwe kwa maji ya moto, sabuni na brashi ambayo haitumiki kwa vyombo vingine. Chuchu igeuzwe ndani nje, maji yapitishwe katika tundu. Isuuzwe. Halafu vyote vitiwe katika sufuria, maji yavifunike kabisa pasibaki hewa ndani ya chupa, vichemke dakika kumi. Vifunikwe humo humo hadi vitakapohitajika, au vitolewe kwa mikono safi viwekwe juu ya kitambaa safi vikauke. Sasa hesabuni mkaa au gesi, hesabuni muda, na muulizane kwa ukweli ni nani atakayeifanya kazi hiyo kila siku mama akiwa kazini. Nyumba isiyoweza kulijibu swali hilo haijawa tayari kwa chupa, hata iwe chupa ya bei gani.

Tukifika hapo ndipo tunapomjibu mama wetu kwa jibu ambalo hakulitarajia: ndani ya nyumba yake tayari kipo chombo bora kuliko vyote vitatu. Ni kikombe kidogo cha kahawa, finjani isiyo na mkono tunayonywea barazani. Wataalamu wa afya ya watoto, likiwemo Shirika la Afya Duniani, kwa miaka mingi wamependekeza kikombe mahali ambapo chupa ni vigumu kuisafisha, na katika wodi nyingi za watoto njiti maziwa ya mama hutolewa kwa kikombe. Kikombe hakina kona. Huoshwa kwa sabuni na maji safi kama chombo kingine, na ukipata maji yaliyochemka ya kukisuuzia ni bora zaidi. Hakina chuchu ya kumchanganya mtoto. Na hakiwezi kuegemezwa kwenye mto mtoto akaachwa peke yake. Anayelisha hulazimika kumpakata na kumtazama usoni.

Wengi hudhani mtoto mchanga hawezi. Anaweza. Mpakate akiwa macho na mtulivu, amekaa wima au karibu na wima, mikono yake imefungwa kwa kanga ili asikipige kikombe, na kitambaa kidogo chini ya kidevu. Jaza kikombe nusu. Ukingo uguse mdomo wa chini kwa wepesi, uinamishe hadi maziwa yaufikie tu mdomo wake wa juu, kisha usubiri. Hapo ndipo siri ilipo: usimmiminie. Mtoto atanusa, atatoa ulimi, atalamba au kufyonza, atameza, atapumzika. Akipumzika acha kikombe pale pale, usikiondoe wala usikiinue. Akifunga kinywa na kugeuka ameshiba. Mara mbili tatu za mwanzo maziwa yatamwagika, na maziwa yaliyokamuliwa kwa taabu yakimwagika mama hulia. Kwa hiyo mazoezi yafanywe kwa maziwa kidogo, na yafanywe sasa, wiki hizi mbili kabla ya kurudi kazini.

Pamoja na hayo hatutaki kuwa wakali. Wako wasaidizi wanaoogopa kikombe, wako watoto wanaokikataa, na iko siku ndefu ambayo chupa itakuwa nafuu kwa wote. Yeyote atakayechagua chupa tunamshauri ya ujazo wa mililita 120 au 150. Mtoto anyonyaye maziwa ya mama pekee, tangu mwezi wa kwanza hadi wa sita, hunywa kwa wastani kama mililita 750 kwa siku nzima na usiku wake, na kiasi hicho hakipandi mwezi hadi mwezi kama wengi wanavyodhani. Ukikigawa kwa minyonyo minane ni chini kidogo ya mililita 100 kwa kila mara. Mama atokaye saa moja asubuhi na kurudi saa kumi na moja jioni aache kama mililita 300 kwa jumla, mafungu matatu, naye amnyonyeshe kabla ya kutoka, pindi arudipo, na usiku. Chupa ya dubu yenye mililita 300 humfanya mlezi aone kuwa mililita 100 ni kidogo, amshindilie mtoto au aongeze maji. Mtoto wa chini ya miezi sita hahitaji maji.

Kuhusu namna ya kushika, chupa nayo iige kikombe. Mtoto akae wima, chupa ilale karibu kuwa sawa na sakafu ili maziwa yasimshukie, chuchu iguse mdomo wake hadi aifungulie mwenyewe. Baada ya mafundo kadhaa ishushwe kidogo apumue. Asilazwe chali na chupa, kwani hupaliwa na maziwa yanaweza kupanda masikioni. Mara ya kwanza asilishwe na mama, maana mtoto akisikia harufu ya mama yake hushangaa kwa nini anapewa mpira. Alishwe na baba au bibi, mama akiwa chumba kingine. Na asiwe na njaa kali wakati huo. Kwa kawaida inafaa kungojea hadi wiki ya nne au ya sita, ziwa limeshika vyema, ndipo kuanza. Mtoto wa barua yetu ameshavuka hapo.

Sasa chupa ya bibi. Tunaomba ilindwe heshima yake, kwani ameitoa kwa upendo, lakini isitumike. Plastiki iliyosuguliwa miaka hupata mikwaruzo ambayo vijidudu hujificha ndani yake. Ipelekeni dirishani mwangani mtaiona. Chuchu ya zamani hunata au kupasuka, na hata ile mpya yafaa kubadilishwa kila baada ya miezi miwili au mitatu. Tena baadhi ya chupa za zamani, zile ngumu zinazong'aa kama kioo, zilitengenezwa kwa plastiki yenye kemikali iitwayo BPA, ambayo Umoja wa Ulaya uliizuia katika chupa za watoto mwaka 2011. Za siku hizi aghalabu ni za plastiki laini zaidi, yenye namba 5 ndani ya alama ya pembetatu chini yake. Kioo ni kizuri kuliko zote kwa usafi, hakikwaruziki wala hakishiki harufu, ila kikianguka juu ya sakafu ya saruji kimekwisha.

Maziwa yenyewe yakamuliwe kwa mikono iliyooshwa, ndani ya chombo chenye kifuniko. Nje ya jokofu, katika joto la nyuzi 25, hukaa kama saa nne. Mchana wa Dar es Salaam una joto zaidi ya hilo, hivyo msifike huko. Kwenye jokofu hukaa hadi siku nne, yakiwekwa ndani nyuma, si mlangoni. Kwenye mkoba wenye barafu, saa ishirini na nne, jambo linalomfaa mama anayekamua kazini na kurudi nayo nyumbani. Yakipashwa moto yawekwe na chombo chake ndani ya bakuli la maji ya moto. Yasichemshwe wala yasitiwe maikrowevu. Yaliyobaki baada ya mtoto kunywa yamwagwe yakipita saa mbili. Mafuta yakipanda juu na kufanya tabaka, bibi asidhani yameharibika: yatikiswe taratibu tu.

Liko jambo moja ambalo maboksi ya chupa hayaliandiki na ambalo kwetu Waislamu ni zito. Andikeni jina juu ya kila chombo cha maziwa yaliyokamuliwa, jina la mama na tarehe. Nyumba zetu nyingi ni za ukoo: wifi ananyonyesha chumba hiki, mke wa kaka chumba kile, jokofu ni moja. Dada wa kazi akichukua chupa isiyo yenyewe, na ikatokea tena na tena, wale watoto wamekuwa ndugu. Mtume (SAW) amefundisha kuwa kunyonya huharamisha yale yanayoharamishwa na nasaba. Yeye mwenyewe alipotajiwa binti wa Hamza (RA) alieleza kuwa hamhalalikii, kwani yeye na Hamza walikuwa ndugu wa kunyonya. Wengi wa wanazuoni hawakutofautisha maziwa yaliyonyonywa kwenye ziwa na yale yaliyonyweshwa kwa chombo, maadamu yamefika tumboni mwa mtoto ambaye hajatimiza miaka miwili. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo wengi wetu wa pwani tunayafuata, idadi inayoharamisha ni minyonyo mitano iliyo mbalimbali. Kwa Hanafi na Maliki hata kidogo kinatosha.

Uzito wake unaonekana katika kisa cha Uqba bin al-Harith (RA), kilichopokewa na Imamu Bukhari. Alikwisha kuoa, ndipo akaja mwanamke mmoja akasema kuwa alimnyonyesha Uqba na huyo aliyemwoa. Uqba hakuwa na habari, wala hakuna aliyekuwa amemwambia. Alipanda mnyama wake kutoka Makka hadi Madina kumuuliza Mtume (SAW), naye alimwonyesha kuwa vipi atabaki naye na hali jambo hilo limekwishasemwa. Wakaachana. Ndoa ya watu wazima ilivunjika kwa maziwa ya utotoni ambayo hakuna aliyeyaweka katika kumbukumbu. Kipande cha plasta na kalamu huko jikoni ni kazi ya nusu dakika. Na jirani anayejitolea kukamua kwa ajili ya mtoto wa mwenzake anafanya wema ambao sheria yetu haikuukataza, lakini na lifanywe kwa kujua: liandikwe, familia mbili zijulishwe, na watoto waambiwe wakikua. Maziwa ya asiyejulikana yasichukuliwe. Penye shaka juu ya idadi, aulizwe sheikh mapema, kabla posa haijaja.

Mwisho, kabla ya kununua chochote, mama huyu na aitumie haki iliyo tayari mkononi mwake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, iliyompa likizo ya siku 84, na siku 100 kwa aliyezaa mapacha, katika kifungu hicho hicho cha 33 imemtaka mwajiri amruhusu mama anyonyeshaye kumnyonyesha mtoto wake saa za kazi, hadi saa mbili kwa siku. Wengi hawajui, na waajiri wengine hawakumbushi. Aende kuzungumza na mkuu wake sasa, siku kumi na nne kabla, kwa barua ya adabu. Akiishi karibu, saa hizo zinaweza kumfikisha nyumbani adhuhuri. Akiishi mbali, zinaweza kumruhusu atoke mapema, au apate nafasi ya faragha ya kukamua. Wasomaji wetu wa Mombasa nao wajue kuwa Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 imewataka waajiri watenge mahali pa kunyonyeshea kazini. Saa mbili zikipatikana, mafungu matatu ya maziwa huwa mawili, na chupa hupungukiwa na kazi.

Basi jibu letu kwa barua ni hili. Chupa ya mume irudishwe dukani ikiwa bado inarudishika. Akikubaliwa, abadilishe kwa mbili ndogo za mdomo mpana, zisizo na mrija, zenye chuchu ya mwendo wa polepole. Ikishindikana, itumike bila kusahau kuufungua na kuusugua mrija wake. Chupa ya dubu iwe ya kuhifadhia brashi. Bibi asipewe chupa yoyote. Apewe finjani, na Jumamosi hii, mtoto akiamka vizuri baada ya usingizi wa asubuhi, yeye ndiye awe wa kwanza kumlisha, kijiko kimoja au viwili tu vya maziwa ndani yake, mama akiwa uani. Iwapo mtoto alizaliwa kabla ya wakati au uzito wake hauongezeki, waonane kwanza na muuguzi wa kliniki.

Tunamwomba mama huyu atuandikie tena baada ya wiki yake ya kwanza kazini, atueleze mtoto amekipokeaje kikombe na mkuu wake ameipokeaje barua. Wiki ijayo, inshaallah, tutajibu maswali mawili yaliyotufikia juu ya uji wa kwanza.

Wabillahi tawfiq.